Kunguni wa Karanga: Jenasi Haijulikani kwa Sura

Karanga zikishang'olewa na kuanikwa shambani, huvamiwa na mdudu mwembamba wa kahawia anayekimbia kasi chini ya majani makavu. Hutoboa ganda kwa mdomo wake mithili ya sindano na kufyonza punje hadi isinyae, na mafuta yanayosalia huwa machungu. Anajulikana kwa jina la Elasmolomus sordidus. Vitabu vya zamani vya kilimo vilimwita Aphanus sordidus, na vingine vilimtia katika jenasi ya Rhyparochromus. Msomaji ana haki ya kudhani kuwa hao ni wadudu watatu, au kwamba wataalamu hubadili majina wapendavyo. Sivyo. Jina la jenasi ni dai kuhusu nasaba, na dai likikosa ushahidi hurekebishwa.

Ugumu ni kwamba katika familia yake, Rhyparochromidae, yenye spishi zipatazo 2,000, sura hudanganya. Wengi huishi ardhini wakila mbegu zilizodondoka, na rangi ya udongo na majani makavu inawafaa karibu wote, hata wasio na udugu wa karibu. Mabawa nayo si kigezo cha kutegemea, kwani katika spishi moja wamo wenye mabawa marefu na wenye mabawa mafupi yasiyoruka. Mapaja ya miguu ya mbele, manene na yenye miiba, yaliwafanya wengi wawadhanie wawindaji, hadi mtaalamu wa wadudu Merrill Sweet alipoonyesha mwaka 1960 kuwa chakula chao hasa ni mbegu.

Kwa hiyo mtaalamu humgeuza mdudu chali na kuanza na tumbo. Kwa wengi wa familia hii, mshono kati ya pingili ya nne na ya tano hupinda kuelekea mbele na kukoma kabla ya kufika ukingoni. Kisha hutazama vitundu vya kupumulia, kama viko upande wa juu au wa chini wa kila pingili, matundu ya tezi za harufu kwenye mgongo wa tunutu, na viungo vya uzazi vya dume. Alama moja peke yake haitoshi. Nguvu iko katika alama kadhaa zinazokubaliana. Ni kwa hoja ya namna hii, iliyopima ukoo mzima, kwamba mwaka 1997 Thomas Henry aliitenga Rhyparochromidae na familia ya Lygaeidae.

Yupo atakayesema kuwa mkulima anahitaji dawa, si Kilatini. Lakini ujuzi kuhusu mdudu huhifadhiwa chini ya jina lake, na asiyejua kuwa Aphanus sordidus ndiye huyu huyu hupoteza matokeo ya utafiti wa miaka mingi. Kujua familia tu hakutoshi pia: humo humo imo Clerada, jenasi ya wafyonza damu. Mwingine atasema vinasaba vitamaliza kazi. Vinasaba husaidia sana, ila mfuatano wake hulinganishwa na ule wa vielelezo vilivyokwisha kutambuliwa. Kielelezo kikipewa jina lisilo lake, kosa husambaa kwa kila atakayekitegemea. Darubini na maabara zinahitajiana, na mabishano kuhusu jenasi yatakwisha pale ushahidi wa zote mbili utakapoelekea upande mmoja.