Bunduki ya Baba Mkwe

Msomaji wangu, wapo wanawake wanaosumbuliwa na nyumba ndogo. Mimi mwenzenu nimesumbuliwa na bunduki.

Ni shotigani ya mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, mali ya baba mkwe wangu kule Ngumbo, mwambao wa Ziwa Nyasa. Aliinunua kihalali mwaka 1968 kwa hela ya kahawa ya Mbinga, afukuzie nguruwe pori kwenye mihogo. Mume wangu anaililia tangu utotoni. Alitaka turudi nayo Dar, aitundike sebuleni juu ya tivii. Na nyumbani tuna mtoto wa miaka mitatu! Tulinuniana kuanzia Songea mpaka Mbamba Bay.

"Njoo uone mwanangu, ikiwa wazi haina ubaya," baba akaniambia baada ya shikamoo. Akaikunja katikati, akanionyesha matundu yote mawili matupu. Hufanya hivyo kila anapoishika, hata kama ni yeye aliyeiweka jana.

Jamani, ni nzuri. Imetoka Birmingham, Uingereza, na chini ya mitutu ina mihuri ya nyumba ya majaribio iliyoanzishwa huko mwaka 1813, ambako kila mtutu hupigwa baruti nyingi kuliko kawaida kuona kama utapasuka. Mtindo wake wa kuficha mitambo ndani ya kisanduku cha chuma ulibuniwa na mafundi wawili wa Westley Richards, Anson na Deeley, mwaka 1875. Inaitwa namba 12 kwa sababu ratili moja ya madini ya risasi hutoa gololi 12 zinazoenea mtutu huo. Na fundi wa bunduki bora, unajua hutumia nini kulinganisha vyuma? Masizi ya taa! Hupaka chuma kimoja, hukibana na mwenzake, kisha hupiga tupa pale masizi yalipogusa, hata mara mia, mpaka hewa ikose pa kupita. Ndiyo maana Purdey mpya ya London huzidi pauni 100,000. Kwetu hiyo ni nyumba, tena ya ghorofa.

Ya baba si ya bei hiyo, ila matunzo anayoipa ni ya kifalme. Kitambaa kikavu kwanza, kisha chenye mafuta kidogo tu. Mafuta yakizidi huchuruzika hadi kwenye kitako, mti ukalainika na kuoza. Kwa hiyo baada ya kuisafisha huisimamisha mdomo chini usiku kucha. Haiweki kwenye mfuko wa ngozi, maana ngozi hunyonya unyevu wa ziwa na kuleta kutu. Hata alama za vidole huzifuta, jasho lina chumvi.

Usiku, tukila ugali kwa usipa, akatoa kauli. "Kesho naipeleka polisi. Macho yamekwisha. Leseni ni yangu, si ya ukoo. Nikifa mkaificha uvunguni, mtafungwa."

Mume wangu aliacha tonge, akatoka kwenda ufukweni. Nilimfuata. Sikuwa na maneno matamu, nilimwambia ukweli: baba hakunyimi, anakulinda. Sheria ya 2015 haimzuii kuomba leseni yake mwenyewe. Akipewa, bunduki itakaa kwenye kasha la chuma lenye kufuli, risasi kando. Sebuleni, hapana. Alinyamaza sana, kisha akaomba nimwachie hata picha yake aitundike. Hiyo nilikubali.

Asubuhi baba aliisafisha karibu saa mbili nzima, kana kwamba anakwenda nayo shamba. Kituoni Mbamba Bay askari aliandika namba, akaipokea. Tulikuwa tumeshafika mlangoni, mzee akageuka.

"Afande, samahani. Isimamishe mdomo chini."