Maji ya Nyeri Hayafiki Nyuzi 100

Mjini Nyeri, takriban mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, maji safi huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi. Nanyuki, iliyo juu ya mita 1,900, huchemka mapema kidogo zaidi, na kileleni mwa Mlima Kenya, mita 5,199, yangetokota kwenye nyuzi 83 hivi. Kadiri unavyopanda ndivyo shinikizo la hewa linavyopungua, na maji hupata wepesi wa kugeuka mvuke. Wapishi wa huku wanayajua hayo bila kipimajoto, maana githeri isiyopikwa kwenye sufuria ya presha hukawia kuiva kuliko ingekawia Mombasa. Kitabu kinachosema 100 hakidanganyi. Kinazungumzia maji ya usawa wa bahari. Shida huanza pale mwanafunzi anaposoma 94, akakumbuka 100 ya kitabuni, kisha akafuta alichokiona na kuandika alichokikariri. Ufutio huo ndio adui mkubwa wa sayansi shuleni, na hata usalama wa maabara huharibika kwa tabia hiyohiyo.

Kuiheshimu 94 hakumaanishi kuiamini papo hapo. Huenda kipimajoto ni kibovu, basi kitumbukizwe kwenye barafu inayoyeyuka: kikisoma sifuri, angalau upande huo kiko sawa. Huenda maji yana chumvi, basi yachemshwe mengine yaliyokenekwa, ingawa chumvi ingepandisha kiwango cha mchemko, isingekishusha. Shaka hizo zikiondoka, ndipo dhana ya mwinuko inaposimama, nayo lazima itabiri jambo linaloweza kuikanusha. Sagana iko kwenye mita 1,200 hivi. Kama dhana ni ya kweli, maji ya huko yachemke karibu na 96, na ya Nanyuki chini ya yale ya Nyeri. Shule tatu za Sagana, Nyeri na Nanyuki, zikipima siku moja kwa utaratibu mmoja na kubadilishana daftari, zingekuwa zimefanya utafiti kamili kwa kipimajoto, bika na moto. Wapelelezi wa karne ya 19 walikadiria kimo cha milima kwa njia hiyohiyo ya kuchemsha maji, kwa hiyo namba ambayo mwanafunzi anaiona aibu iliwahi kuwa chombo cha kupimia milima.

Mlima Kenya wenyewe una kisa chake. Chifu Kivoi wa Kitui alimweleza mmishonari Johann Ludwig Krapf habari za mlima mweupe, na Krapf akauona kwa mbali tarehe 3 Desemba 1849. Huko London, mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, alikuwa amekwisha kupinga taarifa za theluji ya Kilimanjaro, akaendelea kuzikataa habari za theluji karibu na ikweta kwa kuwa hazikuafikiana na alichokisoma. Alikuwa msomi hodari, na alikosea kwa sababu alikipa kitabu uzito zaidi kuliko walioona.

Walimu wengi watauliza: mtihani je? Swali ni la haki, kwa kuwa muda ni mfupi na wazazi wanataka gredi. Hata hivyo, katika karatasi ya vitendo ya kemia ya KCSE, jaribio la bureti na pipeti husahihishwa kwa kulinganisha usomaji wa mtahiniwa na thamani iliyopatikana katika shule yake, na alama nyingine hutolewa kwa kuandika desimali kwa ulinganifu na kwa kuchagua ipasavyo vipimo vinavyotiwa katika wastani. Mtihani wenyewe, katika sehemu hiyo, unakiri kwamba jibu linatoka mezani. Anayezoea kukariri huikosa alama ileile aliyodhani anaikimbilia.

Pingamizi zito zaidi ni la usalama. Darasa likijaa na fundi wa maabara akiwa mmoja, si afadhali mwalimu afanye jaribio peke yake, wanafunzi watazame? Kwa asidi kali na gesi zenye sumu, ndiyo, na sioni aibu kukubali. Lakini kuwafungia maabara yote kunawaacha na kanuni zisizo na sababu, na kanuni ya namna hiyo husahaulika haraka. Asidi ya salfuriki humiminwa polepole ndani ya maji kwa sababu, ukigeuza utaratibu, maji mepesi hukaa juu ya asidi, huchemka ghafla na kuirusha usoni. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hutulia sakafuni, hivyo dirisha la juu pekee haliiondoi. Zebaki ya kipimajoto kilichovunjika haifagiliwi, maana ufagio huitawanya kuwa matone madogo yanayotoa mvuke wenye sumu. Pipeti hujazwa kwa kifyonzio cha mpira, kamwe si kwa mdomo. Mwanafunzi anayezijua sababu hizi husoma lebo ya chupa kabla ya kuifungua, huvaa miwani ya kinga bila kukaripiwa, na huelekeza mdomo wa neli anayoipasha moto mbali na jirani yake. Aanze basi na maji na barafu, kwa vikundi vidogo vinavyopokezana zamu, na asiguse chupa ya asidi hadi mwalimu aone katika daftari lake kwamba anaandika anachokiona.