Kwa nini Shirikisho la Mataifa liliiacha Uhabeshi peke yake

Baada ya taarifa yetu ya habari kuhusu mapigano mashariki mwa Kongo, msikilizaji wa Magindu alitutumia ujumbe: "Walinda amani wapo miaka yote, mbona vita haviishi?" Swali hilo linatugusa. Tanzania imepeleka vijana wake huko, na Desemba 7, 2017 zaidi ya kumi kati yao waliuawa kambini Semuliki, Kivu Kaskazini. Hatutalimaliza leo. Ila liliwahi kuulizwa zamani, tena hapa hapa upande wetu wa Afrika, na jibu la wakati ule linajulikana.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha, mataifa yaliunda chombo cha kuzuia vita vingine. Mwaka 1920 Shirikisho la Mataifa likaanza kazi, na makao yake yakawa Geneva, Uswisi. Ahadi yake ilikuwa kwamba mwanachama akivamiwa, wenzake wote watasimama naye. Uhabeshi, yaani Ethiopia, ilijiunga mwaka 1923. Tanganyika nayo ilihusika, ila kwa namna nyingine: Wajerumani walipofukuzwa, Waingereza walikabidhiwa nchi yetu waitawale chini ya Shirikisho, na kila mwaka walipeleka ripoti huko. Kwa hiyo ofisi iliyoahidi kuilinda Uhabeshi ndiyo iliyokuwa na faili letu.

Shirikisho halikuwa na jeshi lake. Fikiria kijiji chenye baraza la usuluhishi lakini hakina mgambo. Ng'ombe wakila mahindi ya mtu, wazee watakaa, watamtaja mkosaji na kupanga faini. Mkosaji mnyonge atalipa. Mwenye nguvu atanyanyuka na kuondoka. Japani ilifanya hivyo: iliteka Manchuria, sehemu ya China, mwaka 1931, na ilipolaumiwa ikajitoa mwaka 1933. Ujerumani ya Hitler ikajitoa mwaka huo huo. Mussolini, mtawala wa Italia, aliyaona yote hayo.

Italia ilikuwa na kinyongo cha siku nyingi, kwa sababu Wahabeshi waliishinda vibaya pale Adwa mwaka 1896. Desemba 1934 askari wa pande hizo mbili walipigana Walwal, penye visima vya maji. (Wafugaji wanaotusikiliza hawatashangaa ugomvi kuanzia kisimani.) Mfalme Haile Selassie alipeleka kesi Geneva. Vikao vikafuata vikao, na wakati huo meli za Italia zilizojaa askari na silaha zilikuwa zikipita Mfereji wa Suez. Mfereji ulikuwa mikononi mwa Waingereza na Wafaransa, na hawakuufunga. Oktoba 3, 1935 majeshi ya Italia yakaingia Uhabeshi bila hata kutangaza vita.

Safari hii Shirikisho lilijitahidi. Ndani ya siku chache lilitamka kwamba Italia ndiyo mvamizi, na Novemba 18 vikwazo vikaanza. Lakini itazame orodha yenyewe. Wanachama walikatazwa kuiuzia Italia punda, nyumbu, ngamia na mpira. Mafuta hayakuwemo. Ni sawa na kumkataza dereva wa bodaboda asinunue punda, huku petroli unaendelea kumuuzia. Magari ya vita na ndege za Mussolini viliendelea kujaza matangi.

Sababu yake haikuwa ujinga. Uingereza na Ufaransa zilimwogopa Hitler, na zilitaka Mussolini abaki upande wao. Desemba 1935 mawaziri wao, Hoare na Laval, walikubaliana kwa siri Italia ipewe sehemu kubwa ya Uhabeshi. Magazeti yakaifichua siri hiyo, watu wakakasirika, Hoare akajiuzulu. Huku nyuma ndege za Italia zilikuwa zikimwaga gesi ya sumu juu ya watu, ingawa Italia ilishatia sahihi mkataba wa kupiga marufuku gesi hiyo. Addis Ababa ilianguka Mei 5, 1936. Juni 30 Haile Selassie alisimama mwenyewe Geneva kuomba haki, na waandishi wa habari wa Italia wakampigia miluzi. Mwezi uliofuata vikwazo vikaondolewa.

Wakimbizi wa Kihabeshi walivuka hadi Kenya, wengine wakawekwa kambini Isiolo. Jomo Kenyatta, ambaye alikuwa London, alikuwa katibu wa chama cha Waafrika waliosimama na Uhabeshi. Na huku Tanganyika? Hitler alikuwa akidai arudishiwe makoloni, na la kwetu lilikuwa mojawapo. Mwaka 1938 walowezi waliunda chama cha kupinga nchi isirudishwe kwa Wajerumani. Waafrika wenye nchi hakuna aliyewauliza. Kama mwanachama mwenye mfalme na bendera yake aliachwa hivyo, sisi tuliokuwa faili tu kabatini tungeteteweaje?

Juni 1940 Italia iliingia Vita vya Pili upande wa Hitler, na ghafla Waingereza wakaona umuhimu wa kuikomboa Uhabeshi. Vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, askari wa Keya, walipigana huko pamoja na Wanigeria, wenzao wa Gold Coast na jeshi la Afrika Kusini. Addis Ababa ilikombolewa Aprili 6, 1941. Haile Selassie aliingia mjini Mei 5, miaka mitano kamili tangu ulipotekwa. Kwa maoni yetu, kufunga mfereji na kukata mafuta mwaka 1935 kungegharimu maisha machache zaidi.

Umoja wa Mataifa uliochukua nafasi ya Shirikisho mwaka 1946 una walinda amani wenye silaha. Lakini wanatumwa na Baraza la Usalama, na humo nchi tano, yaani Marekani, Urusi, China, Uingereza na Ufaransa, kila moja inaweza kuzuia uamuzi peke yake. Msikilizaji wetu wa Magindu, askari wa Kongo wanakwenda mpaka pale wakubwa hao wanaporuhusu.

Kama nyumbani kwenu yupo bibi au babu aliyesimuliwa habari za Keya na safari ya Uhabeshi, tutumieni ujumbe wa sauti. Tutausikiliza pamoja kwenye kipindi.