Maua ya Kufunika Uwanja Mkavu

  Walio darasani, mwalimu ataandika ubaoni maneno matatu: kifundo, changarawe, shibiri. Yasomeni kwa sauti, kisha sikilizeni.

Watu wa Dodoma wanalijua jambo nitakalolisema. Kule mvua hunyesha kuanzia Desemba mpaka Aprili, kisha hukatika kwa miezi mingi. Kwa mwaka mzima hupatikana milimeta 570 hivi. Uwanja unaofagiliwa kila siku hubaki mtupu. Kiangazi upepo huinua vumbi, likaingia chakulani na machoni mwa watoto. Mvua ya kwanza nayo huupiga udongo uliolegea, ikauchukua, na msingi wa nyumba ukaanza kuonekana. Mtu akikuambia maua ni anasa, mwonyeshe msingi wake.

Lakini maji je? Mama aliyejitwika ndoo kutoka kisimani hatakubali kuimwaga juu ya maua, na ni haki yake. Basi tuchague mmea usiodai ndoo. Mimi nachagua potulaka. Asili yake ni Amerika ya Kusini, katika nchi za Brazili, Ajentina na Urugwai. Hutambaa chini, haipandi kupita shibiri moja, na maua yake ni mekundu, ya njano, meupe au ya waridi. Ni ndugu wa mboga ya mwitu ambayo pwani ya Kenya huitwa tako la hasani. Msicheke, ndilo jina lake.

Minyeni jani lake: ni nene, na hutoa maji. Hilo ndilo ghala lake. Tena ina hila nyingine. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani mchana ili ivute hewa, na humo humo maji hutoka kwa joto la jua. Potulaka, ukame ukizidi, huvuta sehemu ya hewa yake usiku, wakati wa ubaridi. Hivyo maji mengi hubaki ndani.

Usinunue mbegu kama jirani anayo. Mwombe vipande vyenye urefu wa kidole. Ng'oa majani ya chini, chimbia kipande hata kifundo kimoja au viwili vifunikwe. Mizizi hutoka hapo. Acha shibiri moja kati ya kipande na kipande. Panda mahali pa jua kali, kwani kivulini haitoi maua. Udongo wa mfinyanzi uchanganye na mchanga au changarawe. Samadi nyingi haifai: utapata majani tu.

Majuma mawili ya kwanza nyunyiza maji kidogo, kila baada ya siku moja. Baadaye mara moja kwa juma yatosha. Wengi huiua kwa wema: hunywesha kila jioni, shina likaoza. Kuku nao huipenda mno, kwa hiyo zungushia miiba mpaka ishike. Kwenye mteremko mkali usiitegemee, maana mizizi yake ni mifupi. Hapo pandeni majani ya vetiva.

Sasa hesabu ya darasa. Shibiri moja tuihesabu sentimeta 20. Mbele ya nyumba pana nafasi yenye urefu wa meta 4 na upana wa meta 1. Mtaomba vipande vingapi kwa jirani?