Mionzi na Mwili (3): Mkono wa Livingstone na kifua cha mvuvi wa Mweru

Wanaofuatilia mfululizo huu wanajua tayari eksirei hufanyaje kazi; sirudii. Kilichonisukuma leo ni tangazo la Mei 2025: Marekani, ikilalamikia wizi wa dawa, ilisema itaukata msaada wa dola milioni 50 kwa mwaka kwa dawa za Zambia, zikiwamo za kifua kikuu. Mwizi wa dawa ni muuaji asiyeshika panga.

Fikra zangu zikakimbilia Ziwa Mweru, mpakani mwa Zambia na Kongo. David Livingstone, mmisionari na mvumbuzi Mskoti, alilifikia tarehe 8 Novemba 1867. Miaka 28 baadaye, tarehe ileile, Röntgen akagundua mionzi ya eksirei kule Würzburg, Ujerumani. Sadfa tu, najua, lakini niacheni niifurahie. Livingstone alipofariki katika kijiji cha chifu Chitambo mwaka 1873, watumishi wake Chuma, Susi na wenzao waliubeba mwili wake hadi pwani. Ulipofika London, Daktari Fergusson aliuchunguza mfupa wa mkono wa kushoto uliovunjwa na simba mwaka 1844, akakuta kovu la mvunjiko ule. Hapo ndipo shaka kama kweli ni yeye ilipokwisha. Waliombeba porini kwa miezi mingi walikuwa wameshasema ni yeye; kilichoaminiwa ni mfupa.

Kosa hilo la kuuamini mfupa kuliko maneno ya watu bado tunalifanya. Mvuvi wa Nchelenge, kando ya ziwa hilo, anayeandikiwa picha ya kifua, pale Hospitali ya Mtakatifu Paulo, Kashikishi, au kwingineko, asidhani filamu itamsemea yote. Kivuli kwenye pafu chaweza kuwa kifua kikuu, nimonia au kovu la zamani. Kwa hiyo mweleze daktari kikohozi kilianza lini, kama unatoka jasho usiku, kama umekonda, na kama nyumbani yupo mwingine anayekohoa. Makohozi nayo yapimwe.

Kuhusu picha yenyewe, maneno ni machache. Vua mkufu, shanga, sidiria yenye waya, hata hirizi yenye chuma. Mwenye mimba, au anayehisi anayo, aseme kabla hajaingia. Utasimama kifua kikigusa bamba, uvute pumzi na kuizuia; mlio mmoja, basi. Hakuna maumivu, wala mionzi haibaki mwilini. Kiasi cha mionzi ya picha hiyo hakizidi kile ambacho ardhi na anga hutupa bure kwa siku chache.

Ukitoka, omba nakala, na uende nayo kila utakapotibiwa, hata ukivuka ziwa kwenda Pweto, upande wa Kongo.