Gari Likiinuliwa, Usukani Nao Urekebishwe

Katika gereji za Arusha, Land Cruiser zinazopeleka watalii Serengeti hufungwa springi ndefu ili tumbo la gari liepuke mawe. Porini mambo huwa mazuri. Dereva akirudi kwenye lami ndipo huenda akagundua kuwa gari linayumba na usukani haurudi wenyewe baada ya kona.

Chanzo kiko mbele. Tangu 1999, Land Cruiser za mfululizo wa 70 zina springi za koili mbele, na ekseli nzima hushikiliwa na mikono miwili ya chuma iliyofungwa kwenye chasisi. Gari likiinuka, mikono hiyo huinamia chini zaidi na kuizungusha ekseli kidogo, kisha kasta hupungua. Kasta ni ule mlalo wa mhimili ambao gurudumu hugeukia, kama uma wa mbele wa baiskeli ulivyolala. Ndio unaoyavuta magurudumu yanyooke. Ukipungua mno, dereva hushindana na usukani safari nzima. Dawa ni bushi maalumu ambazo tundu lake haliko katikati: huirudisha ekseli kwenye pembe yake.

Kuna pia panhadi, chuma cha mlalo kinachozuia ekseli isihame. Kwa kuwa urefu wake haubadiliki, gari likipanda ekseli husogea upande mmoja. Panhadi inayorekebishika urefu huirudisha katikati.

Mipira ya breki isisahaulike kamwe. Gurudumu linaponing'inia, mpira mfupi huvutika na unaweza kukatika, kwa hiyo mrefu zaidi ufungwe kabla gari halijapimwa alaimenti.