Picha ya mahafali isimsahau aliyelipa ada

Mtwara ipo takriban nyuzi 10 kusini mwa Ikweta. Kwa hiyo mwezi Oktoba, msimu wa mahafali ya kidato cha nne, jua la adhuhuri huwa utosini, nalo huyatia macho kivuli, hasa chini ya kofia. Ndugu msomaji wa Likombe, usimpige mhitimu wako picha juani. Msogeze ukingoni mwa kivuli cha mwembe, auelekee upande wenye mwanga, ama subiri baada ya alasiri.

Kanzu nyeupe huidanganya kamera ya simu, uso ukatoka na giza. Gusa uso wake kwenye kioo ndipo upige. Mabinti wa watu waliomo pichani wasirushwe mitandaoni bila ya idhini yao.

Zaidi ya hayo, watazame waliokaa mbali. Bibi aliyeuza korosho ili ada ipatikane huketi nyuma kabisa ya turubai, asikumbukwe na mtu. Mpeleke mhitimu hadi kitini pake, ainame, nyuso zao zilingane. Picha hiyo isafishwe studio, itiwe katika albamu, simu hupotea.